Fowadi Aliyekuja kwa Barua

Siku niliyopata habari kwamba fowadi wetu amehamia Bungoma, nilikuwa nashona suruali ya mwalimu mmoja, na kwa hasira nikaufunga mguu mmoja chini kama mdomo wa gunia. Mwalimu alikuja kuichukua, akaipima pale pale barazani, na guu lake likakwama njiani. Alinitazama. Nikamwambia, "Mwalimu, kama ungekuwa unapenda mpira, ungenielewa."

Nilikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja mjini Kitale, katika ile miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana mwenye mambo mawili tu maishani: cherehani na timu ya lokesheni yetu, yaani mtaa wa Waafrika. Cherehani ilikuwa inanisikiliza. Timu haikumsikiliza mtu.

Habari ilikuja na kinyozi, ambaye alikuwa anafanya kazi chini ya mti upande wa pili wa barabara. Alivuka na wembe mkononi, akamwacha mteja wake na nusu ya kichwa.

"Fundi, tumeibiwa," akasema.

"Nani ameibiwa?"

"Sisi wote. Wabungoma wamechukua fowadi."

Huyo fowadi alikuwa mpakiaji wa magunia pale kwenye kinu cha unga. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mapaja kama magogo, na alikuwa anacheza bila viatu. Akipiga mpira, golikipa mwenye akili alikuwa anausindikiza kwa macho tu. Msimu ule alikuwa ametufungia magoli mpaka tukaacha kumshangilia, tukawa tunatikisa kichwa tu kama watu walioshiba. Bungoma hatukuwapenda tangu zamani. Walikuwa na kiwanja kizuri kuliko chetu, na walikuwa na tabia ya kushinda halafu kutuuliza kwa sauti ya upole kama tumechoka na safari.

Baadaye tulijua jinsi walivyomchukua. Walikuja watu wawili siku ya soko, wakijifanya wanatafuta mahindi. Mahindi hawakununua hata punje. Walimwahidi fowadi kazi ya tarishi katika ofisi moja kule kwao, kazi ya kubeba karatasi badala ya magunia, na baisikeli mpya yenye taa ya dinamo. Sisi kwa misimu mitatu tulikuwa tumempa nini? Makofi.

Lakini kilichotuchoma zaidi ni hiki: mchezaji hakuweza kuhama bila barua ya mwenyekiti wa timu yake. Kwa hiyo mwenyekiti wetu ndiye aliyetia sahihi.

Mwenyekiti huyo alikuwa dresa hospitalini, yaani ndiye aliyefunga watu vidonda na kuwachoma sindano. Watu walimwita daktari, naye hakumsahihisha mtu. Kumpinga kulikuwa na hatari zake. Unaweza kumpigia kelele Jumamosi uwanjani, halafu Jumatatu homa inakushika, unajikuta umelala kifudifudi mbele yake, na yeye anachagua sindano polepole. Nadhani alikaa kwenye kiti kile miaka yote kwa sababu hiyo moja tu.

Hata hivyo tulimwendea. Tulikuwa kama watu ishirini, wapakiaji, makuli wa stesheni, mpishi mmoja wa Mzungu, kinyozi na mimi. Tulimkuta nje ya hospitali akinawa mikono.

"Daktari," kinyozi akaanza, "ati umeandika barua wewe mwenyewe?"

"Nimeandika."

"Kwa nini?"

"Alikuja na adabu, akaomba. Nyinyi mlitaka nimfunge kamba?"

"Ndiyo!" mpishi akasema, na kweli hakuwa anatania.

Mwenyekiti alijifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Nyinyi mnapiga kelele kwa sababu hamjui mipango. Tumeshapata mtu mwingine. Anatoka Kabuchai. Huyu wenu aliyeenda, mbele ya huyo, ni mtoto wa kunyonya. Katibu amemwona kwa macho yake akivunja mlingoti wa goli."

Ukitaka kunyamazisha mashabiki, waambie kuna mtu anakuja. Hata mimi, ambaye nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno mabaya sana, nilijikuta nauliza tu, "Mlingoti wa mbao gani?"

"Mkaratusi," akasema. "Mbichi."

Tulirudi mjini tukiwa na furaha. Njiani mlingoti ulikuwa mmoja. Tulipofika sokoni ilikuwa milingoti miwili, na golikipa alikuwa amelazwa.

Katibu wa timu alikuwa karani wa mahakama, mtu mwembamba aliyependa maneno marefu. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kumwita fowadi wa Kabuchai. Nafasi ya kazi ilikuwa tayari. Meneja wa kinu, Mzungu aliyependa mpira kuliko unga, alikuwa na desturi ya kumwekea kazi mchezaji mmoja wa timu yetu, na nafasi ya yule aliyehama ilikuwa wazi.

Mtu wetu alifika Ijumaa, juu ya lori la Singasinga mmoja aliyekuwa akisafirisha mahindi. Tulikuwa tumejaa pale lori linaposimama. Akashuka na godoro lililokunjwa, sanduku la bati na jogoo mmoja. Alikuwa mtu mzima, mpana wa mabega, na mashavu ya miguu yake yalifanya watu waguse wenzao kwa viwiko.

"Mulembe!" tukampigia kelele kwa salamu ya kwao.

"Mulembe," akajibu, akiangalia nyuma kama kuna mkubwa mwingine ameshuka.

Tulimbeba juu juu. Jogoo alibebwa na kinyozi. Yule mtu aliendelea kusema, "Asanteni, watu wazuli, lakini mimi natembea, mimi natembea," na sisi tukamsifu kwa unyenyekevu wake. Fowadi wa zamani hakuwa na unyenyekevu huo. Nilishona jezi yake jioni ile mwenyewe, na nikaipanua mabegani.

Kesho yake tulicheza na timu ya kiwanda cha mbao, watu ambao hatukuwa tunawahesabu. Uwanja ulikuwa umejaa. Mpira wa kwanza ulipomfikia fowadi wetu mpya, alisogea kando ukapita, kama mtu anayempisha mama mwenye mzigo. Watu wakacheka kwa furaha. Walidhani ni ujanja. Wa pili ulimgonga kifuani, akauangalia ulipoanguka, akauokota kwa mikono miwili, akampelekea refa.

Hapo kicheko kiliisha.

Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa magoli mawili na watu ambao wengine wao walikuwa na vumbi la mbao masikioni. Nilivuka mstari, nikamkuta amekaa kwenye nyasi peke yake, akinywa maji. Wachezaji wenzake walikuwa wamekaa mbali kidogo kama ana kifua kikuu.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "unaumwa?"

"Hapana. Niko mzima."

"Sasa ni nini hii?"

Akanitazama kwa macho ya haki kabisa. "Mimi najalibu, bwana. Lakini huu mchezo sijawahi kucheza. Anayecheza ni mdogo wangu."

Nilikaa chini.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Bungoma. Kuna watu walikuja kumchukua, wiki mbili sasa. Walimpa kazi."

"Na wewe ulikuja kufanya nini?"

"Balua iliniita." Akaitoa kwenye kikunjo cha kaptura, imekunjwa ndogo, imelowa jasho. Ilikuwa ya katibu, na hati yake nzuri ya mahakamani. Ilimwita "mwana wa" na jina la baba, basi; jina la mchezaji mwenyewe halikuwemo. Ilisema aje Kitale kushika kazi kwenye kinu, na kwamba kila Jumamosi "ataungana na wenzake uwanjani kwa utumishi." Mtoto aliyekuwa nyumbani kwa yule baba siku barua ilipofika ndiye huyu.

"Na huku uwanjani ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni mashalti ya kazi," akasema. "Wazungu wana mambo mengi."

Tulifungwa manne. Refa alipopiga filimbi ya mwisho hatukungoja mtu. Tuliwafuata mwenyekiti na katibu mpaka wakaegemea ukuta wa soko. Kinyozi aliishika ile barua juu.

"Katibu," nikasema, "wewe ulimwona kwa macho yako, akivunja mlingoti. Ni huyu?"

Katibu akamwangalia yule mtu kutoka juu mpaka chini, kama anatafuta kosa la herufi. "Kwa mbali," akasema, "wanafanana."

"Mbali kiasi gani?"

Katibu akaanza kunyoosha kola yake.

"Kabuchai ulienda lini?"

Ikatoka hapo, mbele ya watu wote. Hakuwa ameenda Kabuchai. Hakuwa ameenda popote. Habari za fowadi alizisikia mahakamani kutoka kwa mshtakiwa mmoja aliyekuwa anangoja kesi yake ya ng'ombe. Mpishi alivua kofia akaitupa chini. "Tumeuza fowadi wetu," akasema, "kwa maneno ya mwizi wa ng'ombe!"

"Alikuwa hajahukumiwa," katibu akasema, na nadhani ndiyo sentensi fupi kuliko zote alizowahi kusema.

Tukataka wajiuzulu. Mwenyekiti alisubiri tuchoke, kisha akauliza nani kati yetu anataka kuchukua kazi hiyo, kwa kuwa yeye ana wagonjwa. Kila mtu akamwangalia jirani yake. Halafu akamtazama kinyozi, ambaye alikuwa na jipu shingoni, akamwambia kwa sauti tamu, "Na hilo utaniletea lini tulipasue?" Kinyozi akarudi nyuma hatua mbili. Mkutano ukaisha hivyo.

Jumatatu jioni yule mtu wa Kabuchai alikuja barazani kwangu. Alisimama akiangalia cherehani, mikono nyuma.

"Fundi, wewe peke yako uliniuliza kama naumwa," akasema. "Nakuomba kitu. Meneja amesema nisipocheza, kazi hakuna. Nina mke na watoto wanne. Nyumbani nimeshaaga. Nifundishe huu mchezo."

Sasa, mimi nilikuwa shabiki. Shabiki anajua mpira wote isipokuwa kuucheza. Lakini nilikuwa nimejivuna miaka mingi kwamba ningeweza kufundisha timu kuliko kamati nzima, na sasa mwanafunzi alikuwa amesimama mbele yangu. Nikakubali.

Kila alfajiri kabla ya kazi tulikwenda kwenye uwanja, na umande unatulowesha mpaka magotini. Siku ya kwanza nilimfundisha kupiga mpira. Alipiga, ukaenda nyuma yake. Mpaka leo sijaelewa ulipitaje. Siku ya tatu nilikata tamaa ya kupiga nikamwambia, "Sikiliza. Sahau mpira. Wewe mpira usiuangalie kabisa. Angalia mtu. Popote anapokwenda, nenda. Akisimama, simama. Usimpige, usimshike, wewe kuwa tu mbele yake kama mlango."

Hilo alilielewa. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Alijua kuzuia kitu kisipite. Nilijipima naye mwenyewe. Kila nilipokwenda nilimkuta. Nilianza kumchukia kidogo. Mwenyekiti akamhamisha kutoka fowadi kuwa beki, akawatangazia watu kuwa huo ndio ulikuwa mpango tangu mwanzo.

Basi ikafika siku ya kwenda Bungoma. Tulisafiri kwa lori lile lile la Singasinga, juu ya magunia matupu, tukiimba nyimbo za kumtukana fowadi wetu wa zamani. Tulikuwa tumezitunga kwa uangalifu. Zilitaja baisikeli, zilitaja dinamo, zilitaja na mambo mengine ambayo dinamo haihusiki nayo.

Tulipofika, yeye ndiye alikuja kutupokea. Alikuwa amevaa kaptura ya tarishi iliyopigwa pasi. "Karibuni, wazee," akasema. "Mmechoka na safari?"

Kinyozi alitema mate. Mimi nilitaka kutema, lakini mdomo ulikuwa mkavu kwa vumbi.

Kwenye mstari wa Bungoma, karibu naye, alisimama kijana mwepesi mwenye sura niliyoijua. Ilikuwa ile ile sura ya mwanafunzi wangu wa alfajiri, ila iliyopunguzwa miaka kumi na kuongezwa majivuno. Ndiye mvunja mlingoti. Kwa hiyo Wabungoma walikuwa nao wote wawili, aliyetuacha na aliyepaswa kuja.

Mechi ikaanza. Kijana akapata mpira, akaanza kuja kama maji yaliyomwagwa. Beki wetu wa Kabuchai akasimama mbele yake.

"Wewe," kaka akasema, kwa sauti ambayo sisi wote kando ya uwanja tuliisikia, "mbona hujaenda kumwona mama?"

Kijana akapepesa macho. Mpira ukasimama. Winga wetu akaja, akauchukua kama anaokota kofia.

Mara ya pili alijaribu upande wa kulia. Kaka alikuwa hapo. "Mama anasema ulichukua blanketi yake. Ni kweli?"

"Si sasa, kaka," kijana akasema.

"Sasa lini? Nyumbani huji."

Watazamaji wa Bungoma walianza kucheka, na wao walikuwa nyumbani. Yule kijana hakuweza kumpita. Si kwamba kaka alikuwa hodari. Ni kwamba hakuweza kumpiga bega mkubwa wake mbele ya watu, wala kumpitishia mpira katikati ya miguu. Utapitisha vipi mpira katikati ya miguu ya mtu aliyekubeba mgongoni? Kila alipoguswa na mpira aliutoa haraka kwa mwenzake, kama kaa la moto. Kabla ya mapumziko kapteni wao alimtuma aende acheze nyuma kabisa, karibu na golikipa wao, mbali na ukoo.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nilimkumbatia Singasinga, ambaye hakujua nani anacheza na nani.

Ila yule fowadi wetu wa zamani hakuwa na kaka upande wetu. Alitufunga matatu. La kwanza alilipiga kutoka mbali sana, na golikipa wetu aliusindikiza mpira kwa macho, kama tulivyowazoesha magolikipa wa wengine. Kila alipofunga hakurukaruka. Alikuja mpaka pale tuliposimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Samahani, wazee wangu." Heri angetutukana. Nyimbo zetu zilitufia mdomoni, na baada ya goli la tatu nilimwona mpishi, yule aliyetaka afungwe kamba, akipiga makofi mawili kisirisiri, halafu akajifanya anaua mbu.

Tulifungwa matatu kwa moja. Hilo letu moja lilitokana na golikipa wao kuteleza, nasi tulilisimulia mwaka mzima.

Baada ya mechi wale ndugu wawili walikaa pamoja nyuma ya goli. Nilipita karibu, nikasikia mdogo akiahidi kwenda nyumbani Jumapili, na kupeleka sukari. Kaka alikuwa anamkung'uta vumbi mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Meneja wa kinu alifurahishwa na habari za jinsi kaka alivyomzuia mdogo wake, akamwachia kazi. Mtu wa Kabuchai alileta mke na watoto, akakaa kinuni miaka mingi, akawa msimamizi wa wapakiaji. Mpira aliuacha msimu uliofuata na hakuna aliyemzuia. Lakini alikuwa ameambukizwa ugonjwa wetu: akawa shabiki, tena mkali.

Kuhusu mimi, makelele yangu yaliniponza. Mwaka uliofuata katibu alihamishiwa mahakama nyingine, na watu wakasema, fundi ndiye anajua mpira, si ndiye aliyemtengeneza yule beki? Nikachaguliwa katibu. Niliapa mbele ya wote kwamba sitaleta mchezaji ambaye sijamwona kwa macho yangu mawili.

Na nilitimiza. Nilikwenda mwenyewe kutafuta golikipa, nikasimama kwenye jua kutwa nzima kijijini kwao, nikamwona akidaka kila kitu. Nilimleta Kitale nikiwa na kifua mbele. Katika mechi ya kwanza alifungwa matano. Ndipo mtu mmoja wa kwao akanieleza kwamba siku ile niliyomtazama, timu ya wapinzani ilikuwa ya wanafunzi wa katekisimu, na padri alikuwa amewakataza kupiga mpira kwa nguvu kwa sababu ulikuwa mmoja tu na ulikuwa wa misheni.

Jumatatu asubuhi niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wanakuja barabarani, kinyozi mbele, na nyuma yake sauti ya yule mtu wa Kabuchai ikisema, "Leo atatuambia! Macho mawili alikuwa anaangalia nini?"

Niliacha cherehani inazunguka, nikaingia ndani ya duka, nikapiga magoti nyuma ya majora ya khaki. Mwenye duka alikuwa anapanga vifungo. Aliniangalia mimi, akaangalia barabara, akasogeza jora moja zaidi mbele ya kichwa changu.

"Fundi iko?" kinyozi akauliza mlangoni.

"Fundi hapana iko," Mhindi akasema. "Leo Jumatatu. Yeye nakwenda hospitali, nachoma sindano."

Niliwasikia wakisema pole, kwa huruma. Halafu wakakaa barazani kwangu, wote, kunisubiri.